Gari Lilelile, Asubuhi na Jioni

Siku moja, wakati wa mavuno ya maharage, tulisafiri kutoka Katesh kwenda Babati. Tulikuwa tumemaliza kutembelea madarasa ya watu wazima, na jua lilikuwa linakaribia kuzama. Mabasi yalikuwa yamekwisha kupita. Tukapata gari dogo la kutembelea, lile la milango minne, ambalo mwenyewe hulitumia kama teksi.

Tulikuwa abiria wanne, na dereva wa tano. Katika buti mlikuwa na magunia mawili ya maharage. Buti lilikataa kufunga, likafungwa kwa kamba. Nyuma ya gari palikuwa chini, mbele pamenyanyuka kidogo.

Tulipopita Endasak tulilikuta lori lenye tela. Lilikuwa likienda taratibu. Dereva wetu akachungulia, akaona barabara ni nyeupe. Mbali kidogo palikuwa na kilima. Akatoka upande wake, akakanyaga mafuta.

Gari likanguruma sana. Lakini halikuenda. Yaani lilienda, ila kidogo kidogo. Tulikuwa sambamba na tela, halafu sambamba na matairi ya lori, halafu bado tuko sambamba na lori. Pale kilimani likatokea basi.

Bibi mmoja aliyekaa nyuma, amempakata mjukuu wake, akasema, "Mwanangu, rudi nyuma."

Dereva akajibu, "Tulia, mama. Hii gari inachanganya. Asubuhi nimeyapita malori matatu hapa hapa."

Basi likawasha taa. Likapiga honi. Aliyetuokoa ni dereva wa lori. Alishika breki akatuachia nafasi, tukaingia mbele yake. Basi likatupita kwa kishindo, mpaka gari letu likatikisika.

Mbele kidogo dereva akasimama pembeni. Akafungua boneti, akatazama injini, akashika hiki na kile. Kisha akasema, "Sijui gari hii imepatwa na nini. Asubuhi ilikuwa nzima kabisa."

Yule bibi akamjibu, "Haijapatwa na kitu, mwanangu. Asubuhi ulikuwa peke yako. Mimi nimelima na maksai miaka mingi. Maksai akichelewa na mkokoteni uliojaa, hatusemi anaumwa."

Ndugu msomaji, leo tunataka kulieleza jambo hilo la yule bibi. Wengi wetu hatuna magari. Lakini wote tunayapanda, tunayakodi kupeleka wagonjwa na mazao, na tunavuka barabara yanapopita. Jambo hili linatuhusu sote.

KUCHANGANYA MAANA YAKE NINI?

Madereva husema gari "limechanganya". Maana yake ni kwamba gari limeongeza mwendo upesi. Katika vitabu vya fizikia jambo hili huitwa mchapuko.

Tusichanganye mambo mawili. Mwendo ni jambo moja, na kuongeza mwendo ni jambo jingine. Gari laweza kwenda kilomita 100 kwa saa, lakini likachukua muda mrefu kufikia hapo. Gari jingine laweza kufikia mwendo huo kwa muda mfupi. La pili ndilo madereva wanalosema linachanganya.

Namna ya kupima ni rahisi. Gari husimama kabisa. Dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho. Mtu mwenye saa huhesabu sekunde mpaka mshale wa spidi ufike 100. Gari la kawaida la familia, likiwa zima, lina dereva peke yake, na liko mahali tambarare karibu na usawa wa bahari, huchukua kama sekunde 9 hadi 12. Tushike sekunde 10, ili hesabu yetu iwe nyepesi.

Sasa tuone nini hutokea sekunde hizo 10 zinapopandishwa kwetu Hanang na Mbulu, na gari likajaa.

JAMBO LA KWANZA: UZITO

Hapa yule bibi alisema kweli. Maksai wawili wakifungwa mkokoteni mtupu, huondoka mara moja. Ukiwapakilia magunia kumi, maksai ni wale wale na nguvu ni ile ile, lakini kuondoka kwao ni kwa taabu. Nguvu ile ile imepewa mzigo mkubwa zaidi.

Tupige hesabu. Tuseme gari pamoja na dereva wake lina kilo 1,400. Ongeza abiria wanne wa kilo 65 kila mmoja. Hizo ni kilo 260. Ongeza magunia mawili ya kilo 100 kila moja. Hizo ni kilo 200. Jumla inakuwa kilo 1,860.

Uzito umeongezeka kwa theluthi moja hivi. Basi na muda wa kuchanganya huongezeka kwa theluthi moja. Zile sekunde 10 sasa zimekuwa sekunde 13.

Tena kumbuka kwamba kila gari limetengenezwa kubeba uzito fulani, siyo zaidi. Gari la watu watano ni la watu watano na mizigo yao midogo. Mzigo ukizidi, kuchanganya kunapungua, breki zinalemewa, na matairi yanapata moto.

JAMBO LA PILI: HEWA YA JUU

Jambo hili wengi hawalifahamu. Injini haili mafuta peke yake. Inakula mafuta pamoja na hewa. Ni kama moto wa mkaa jikoni. Ukiupepea unawaka, na ukiunyima hewa unazimika, hata kama mkaa ni mwingi.

Ndani ya injini mna pistoni zinazopanda na kushuka. Pistoni ikishuka, huvuta hewa. Hewa huchanganywa na mafuta, cheche ya plagi hupiga, moto hulipuka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayozungusha magurudumu. Hewa ikiwa kidogo, na mafuta yanayoweza kuungua ni kidogo, na nguvu ni kidogo.

Sasa, kadiri unavyopanda juu, hewa huzidi kuwa nyepesi. Aliyewahi kupanda Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, anajua. Karibu na kilele mtu hutweta kwa hatua chache tu. Injini nayo hutweta.

Miji ya Mbulu na Katesh iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, injini ya kawaida hupoteza kama sehemu moja katika sehemu kumi za nguvu zake. Kwa hiyo hapa kwetu injini hiyo imekwisha kupoteza karibu sehemu moja katika sehemu sita, hata kabla hatujaipakilia kitu. Gari lile lile lililoruka kama swala pale Dar es Salaam, likifika huku linakuwa zito kidogo. Siyo bovu. Limenyimwa hewa.

Baadhi ya magari yana pampu ndogo inayoitwa tabo. Kazi yake ni kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Malori mengi ya dizeli yana tabo, na ndiyo maana hayasumbuliwi sana na nchi za juu. Lakini magari mengi madogo ya petroli tunayoyaona kwetu hayana.

Turudi kwenye hesabu. Tulikuwa na sekunde 13 kwa ajili ya uzito. Ondoa sehemu moja katika sita ya nguvu. Sasa zimekuwa sekunde 16. Ni gari lile lile, na dereva ni yule yule, lakini 10 zimekuwa 16.

JAMBO LA TATU: MWINUKO

Hadi hapa tumesema habari za tambarare. Je, tambarare iko wapi Mbulu? Ukipanda mlima wa Magara kutoka bonde la ufa, au ukitoka Dareda kwenda Dongobesh, barabara inapanda tu.

Gari likipanda, injini ina kazi mbili. Kwanza inaliinua gari zima na watu wake, kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisimani. Nguvu inayobaki ndiyo hutumika kuongeza mwendo. Mwinuko ukiwa mkali na mzigo ukiwa mkubwa, hakuna kinachobaki. Dereva atakanyaga mafuta mpaka chini, injini italia, na mwendo hautaongezeka hata kidogo. Pengine utapungua.

JAMBO LA NNE: GIA

Utasema, "Kama nguvu ni ndogo, gari linapandaje?" Linapanda kwa msaada wa gia.

Chukua mtaimbo ung'oe jiwe shambani. Ukiushika karibu na jiwe, jiwe halitikisiki. Ukiushika mwishoni kabisa, jiwe linanyanyuka. Lakini angalia: mkono wako umekwenda mwendo mrefu, na jiwe limesogea kidogo tu. Umepata nguvu, umepoteza mwendo.

Gia namba moja ni kama kushika mwisho wa mtaimbo. Nguvu ni nyingi, mwendo ni mdogo. Gia namba tano ni kinyume chake. Dereva akitaka kupita lori akiwa katika gia ya tano, gari halitachanganya. Inampasa kurudisha gia ya nne au ya tatu kwanza. Magari ya otomatiki hurudisha gia yenyewe, lakini nayo huchukua muda kidogo kabla ya kufanya hivyo. Muda huo mdogo ni mita nyingi barabarani.

Tena kuna upepo. Mtu akipanda baiskeli na kwenda mbio, huhisi upepo unamsukuma kifuani. Gari nalo husukumwa hivyo hivyo. Mwendo ukiongezeka, upepo huzidi kulizuia gari. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya kutoka 0 hadi 50 kuwe upesi, lakini kutoka 60 hadi 100 kuwe pole pole. Na mwendo wa 60 hadi 100 ndio hasa unaotumika kupita gari jingine.

HESABU YA KUPITA LORI

Sasa tuchukue karatasi na kalamu.

Lori lenye tela linakwenda kilomita 60 kwa saa. Gari dogo linalifuata kwa mwendo huo huo, likiwa mita 20 nyuma yake. Lori na tela lake vina urefu wa mita 18 hivi. Ili gari dogo lipite salama na kurudi upande wake, lazima lilizidi lori kwa mita kama 60. Hizo ni mita 20 za nyuma, urefu wa lori, mita 20 za mbele, na kidogo kwa urefu wa gari lenyewe.

Asubuhi dereva yuko peke yake. Kwa mwendo huo tuseme gari linaongeza kilomita 4 katika kila sekunde, yaani 60, 64, 68, na kuendelea. Kwa hesabu hiyo atalipita lori kwa sekunde 10 na kidogo. Katika muda huo atakuwa ametembea mita 230 hivi.

Jioni gari limejaa, na barabara ina mwinuko kidogo. Sasa linaongeza kilomita 2 tu katika kila sekunde, yaani 60, 62, 64. Atahitaji karibu sekunde 15. Katika muda huo atakuwa ametembea mita 305 hivi.

Lakini hayo ni nusu ya maneno. Basi linalotoka mbele nalo halikusimama. Likienda kilomita 80 kwa saa, katika kila sekunde linakula mita 22. Asubuhi, wakati dereva anapita lori, basi litakuwa limekuja mita 230. Jioni litakuwa limekuja mita 325.

Jumlisha sasa:

Asubuhi: mita 230 na mita 230 ni mita 460.

Jioni: mita 305 na mita 325 ni mita 630.

Tofauti ni mita 170. Hiyo ni zaidi ya urefu wa kiwanja kimoja na nusu cha mpira. Dereva wetu alitazama barabara ya jioni kwa macho ya asubuhi. Aliona nafasi iliyomtosha asubuhi, akadhani itamtosha tena. Ile mita 170 iliyopungua tulipewa na dereva wa lori, kwa huruma yake. Siku nyingine dereva wa lori anaweza kuwa na usingizi.

NA SISI TUNAOTEMBEA KWA MIGUU?

Hata asiyepanda gari yumo katika hesabu hii.

Barabara ya lami ina upana wa kama mita 7. Mzee, au mama mwenye mtoto mgongoni, hutembea kama mita moja kwa sekunde. Basi atahitaji sekunde 7 kuvuka. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hutembea karibu mita 100 katika sekunde hizo. Kwa hiyo gari likiwa mbali kuliko mita 100, na likashika mwendo ule ule, mtu atavuka.

Lakini je, likiwa linachanganya? Hapa ndipo watu wetu wanapopotea. Gari linapotoka kwenye matuta ya kijijini, dereva hukanyaga mafuta. Mwanzo wa sekunde lilikuwa 50, na baada ya sekunde 7 laweza kuwa karibu 80. Katika muda huo limekwenda mita 125 hivi, siyo 100. Aliyelipima kwa jicho na kusema "bado liko mbali" amekosea kwa mita 25.

Macho ya binadamu hupima umbali vizuri kiasi. Lakini hayapimi vizuri mwendo unaobadilika. Mtoto mdogo hawezi kabisa. Na mifugo ndiyo haisemeki. Kundi la ng'ombe huchukua zaidi ya dakika nzima kuvuka, na ndama wa mwisho hurudi nyuma kumfuata mama yake. Kwa hiyo mchungaji asiamini kwamba barabara ni nyeupe. Achague mahali panapoonekana mbali pande zote mbili, na mtu mmoja asimame mbele kuyaonya magari.

KUSIMAMA

Kuna kosa jingine. Watu husifu gari linalochanganya, wakasahau kuuliza linasimamaje.

Dereva akiona hatari, hupita kama sekunde nzima kabla mguu haujafika kwenye breki na kuikanyaga. Kwa mwendo wa 50, gari limekwisha kwenda mita 14. Kisha breki zenyewe, kwenye lami kavu na matairi mazuri, huhitaji mita nyingine 14. Jumla ni mita 28.

Kwa mwendo wa 100, ile sekunde moja inakula mita 28, na breki zinahitaji mita 56. Jumla ni mita 84. Angalia vizuri: mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali wa breki umeongezeka mara nne. Kwenye vumbi, changarawe au tope, umbali huo huzidi tena.

Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo wanapoishi watu. Namba hiyo siyo ya kuwatesa madereva. Ni hesabu ya maisha ya watoto wetu.

HABARI ZA PEUGEOT

Katika darasa moja wanakisomo walikuwa wakibishana. Kikundi chao cha kuweka na kukopa kinataka kununua gari dogo la kukodisha na kusaidia wagonjwa. Vijana walitaka gari "linalochanganya". Wazee walitaka gari "lisilolala njiani". Walituuliza sisi tunasemaje. Tuliwajibu kwa hadithi ya kweli iliyopita katika nchi yao wenyewe.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yaliyojulikana kwa jina la Safari. Baadaye yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, yaani wakati wa mvua. Katika miaka ya 1960 njia yake ilipita pia Mbulu na mlima wa Magara. Madereva kutoka Ulaya waliijua Mbulu kwa tope lake.

Walikuja na magari mengi mepesi kuchanganya. Lakini mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 tena yalimaliza 7 tu. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki. Na mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Wote wawili waliendesha Peugeot 404.

Je, 404 lilikuwa gari gani? Lilikuwa gari la familia la milango minne. Wazee wetu wanalikumbuka, kwani lilifanya kazi ya teksi katika miji mingi. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6 tu. Halikuwa hodari wa kuchanganya. Lakini lilikuwa imara, springi zake zilivumilia mashimo, na fundi wa kawaida aliweza kulitengeneza.

Hatusemi kwamba kuchanganya hakuna faida. Gari lenye nguvu ya kutosha humaliza kupita lori upesi, nalo hupanda mlima na mgonjwa bila kuzimika. Tunasema hivi: usitazame sekunde peke yake. Tazama breki, matairi, springi, na upatikanaji wa vipuri hapa hapa Katesh, Mbulu au Babati. Na mkilijaribu gari, mlijaribu likiwa na watu watano, kwenye mwinuko. Muuzaji hupenda kulijaribu gari likiwa tupu, kwenye tambarare.

TUFANYE NINI?

Dereva: kabla ya kuondoka, jiulize, "Leo nimebeba nini?" Gari likijaa, lihesabu kuwa ni gari jingine. Usipite lori kwenye mwinuko, kwenye kona, au penye mstari usiokatika katikati ya barabara. Ukianza kupita na gari likakataa kuchanganya, usishindane nalo. Ondoa mguu kwenye mafuta, rudi nyuma ya lori mapema, wakati nafasi yako bado ipo.

Mwenye gari: barabara zetu nyingi ni za vumbi. Safisha au badilisha chujio la hewa mara kwa mara. Chujio lililojaa vumbi ni kama kuikaba injini koo, nayo hewa ya huku juu ilikwisha kuwa kidogo. Angalia plagi, klachi na upepo wa matairi. Breki ziangalie kabla ya vyote.

Abiria: usikae kimya. Wewe ndiye uliyelipa nauli, na roho ni yako. Sema kwa adabu, lakini sema. Na kabla ya kupanda, hesabu watu. Wa sita akiingia, wewe shuka.

Mzazi: wafundishe watoto kwamba gari linalotoka kwenye tuta linaongeza mwendo. Walisubiri lipite.

Yule dereva wetu alifunga boneti. Hakusema kitu. Alishusha gunia moja, akaliacha nyumbani kwa jamaa yake pale karibu, akaahidi kulifuata kesho. Tulifika Babati usiku, tumechelewa kama saa nzima. Hakuna abiria aliyelalamika. Mjukuu alikuwa amelala. Bibi aliposhuka alimwambia, "Asante, mwanangu. Kesho njoo na mkokoteni mtupu."

MASWALI YA KUJADILI

1. Kuna tofauti gani kati ya mwendo na kuchanganya?

2. Gari na dereva wake lina kilo 1,400. Limepakia watu watatu wa kilo 70 kila mmoja na gunia moja la kilo 100. Jumla ni kilo ngapi?

3. Kwa nini injini hupungukiwa nguvu Mbulu kuliko Tanga?

4. Katika kijiji chenu, ni mahali gani barabarani ambapo magari huanza kuongeza mwendo? Watoto huvukia wapi? Je, ni mahali pamoja? Kama ni pamoja, kikundi chenu kitafanya nini kabla ya mwezi huu kwisha?